Zamu ya Fukwe na Lango la Bandari: Serikali za Vijiji, Karantini na Homa ya Mafua katika Samoa Mbili, 1918–1920

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna serikali ndogo ya Samoa ya Marekani, kwa kushirikiana na machifu wa vijiji, ilivyoizuia homa ya mafua ya mwaka 1918 isiingie katika visiwa vyake, ilhali Samoa ya Magharibi, iliyo umbali mfupi kwa chombo cha baharini, ilipoteza takriban watu 8,500. Hoja kuu ni kwamba tofauti hiyo haikutokana na desturi za jamii, kwa kuwa pande zote mbili ziliongozwa kwa mfumo uleule wa matai. Haielezeki pia kwa ushujaa wa gavana mmoja peke yake. Ilitokana na mfuatano wa mambo matatu: habari za ugonjwa kupewa uzito mapema, bandari kufungwa kabla ya ugonjwa kufika, na kazi ya ulinzi kukabidhiwa taasisi za vijiji zilizokuwapo tayari. Pale ambapo mambo mawili ya kwanza yalikosekana, taasisi zilezile hazikuweza kuokoa watu, na zenyewe ziliangamia pamoja na viongozi wake.

1.0 Utangulizi

Homa ya mafua ya mwaka 1918, iliyozoeleka kuitwa homa ya Kihispania, ni miongoni mwa majanga makubwa ya kiafya katika historia ya dunia. Ilisafiri kwa njia za vita na za biashara: meli za kijeshi, meli za abiria, reli na bandari. Afrika Mashariki nayo ilipigwa katika miezi ya mwisho ya mwaka huo, wakati askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walipokuwa wakirejea makwao. Kwa sababu hiyo, historia ya janga hili imeandikwa zaidi kama historia ya kushindwa. Serikali nyingi zilichelewa, madaktari walikuwa wachache, na tiba haikuwapo.

Katika historia hiyo ya kushindwa, visiwa vya Tutuila na Manu'a katika Bahari ya Pasifiki ni kisa cha pekee. Mwaka 1918 eneo hilo, lililojulikana kama Samoa ya Marekani, lilikuwa na wakazi takriban 8,000. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa homa ya mafua wakati wa mlipuko huo. Katika Samoa ya Magharibi, yenye visiwa vya Upolu na Savai'i, zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watano alifariki, na vifo vingi vilitokea katika muda wa majuma machache tu. Watu wa pande hizo mbili walizungumza lugha moja, walishika desturi moja, na wengi wao walikuwa ndugu wa damu.

Wanahistoria wamekwisha kuliona jambo hili. Crosby (1989) analinganisha Samoa hizo mbili katika sura moja ya kitabu chake kuhusu janga hilo. Rice (1988) anaichunguza homa hiyo nchini Nyuzilandi, ambako meli iliyopeleka ugonjwa Apia ilitokea. Tomkins (1992) anauchunguza mlipuko wa Samoa ya Magharibi na utawala uliohusika nao. Kazi hizi zina thamani kubwa. Hata hivyo, kisa hiki kinaposimuliwa kwa ufupi, mara nyingi hugeuzwa kuwa hadithi ya watu wawili: Gavana John Martin Poyer aliyefanya vema, na Kanali Robert Logan aliyefanya vibaya. Makala haya yanauchukulia usimulizi huo kuwa ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ni historia ya serikali za vijiji, yaani watu waliokesha ufukweni upande mmoja, na watu waliofikiwa na maradhi bila kuonywa upande wa pili.

2.0 Jamii Moja, Tawala Mbili

Mgawanyiko wa Samoa haukuwa kazi ya Wasamoa. Kwa mkataba wa mwaka 1899, Ujerumani na Marekani ziligawana visiwa hivyo, nayo Uingereza ikajiondoa. Ujerumani ilichukua Upolu na Savai'i, na Marekani ikachukua visiwa vya mashariki. Machifu wa Tutuila walitia saini hati ya kukabidhi kisiwa chao tarehe 17 Aprili 1900, na Manu'a ikafuata mwaka 1904. Marekani iliyataka maeneo hayo hasa kwa ajili ya bandari ya Pago Pago, yenye kina kirefu na iliyokingwa na milima. Kwa hiyo utawala ulikabidhiwa Jeshi la Wanamaji, na gavana alikuwa pia kamanda wa kituo cha jeshi hilo. Upande wa magharibi, utawala wa Kijerumani ulikoma mwezi Agosti 1914, majeshi ya Nyuzilandi yalipotua Apia bila mapambano. Tangu hapo nchi ikawa chini ya utawala wa kijeshi wa Nyuzilandi ulioongozwa na Logan.

Chini ya tawala hizo za kigeni kulikuwa na serikali ya zamani zaidi, ambayo ndiyo iliyoyagusa maisha ya kila siku. Msingi wake ulikuwa nu'u, yaani kijiji. Kila ukoo uliongozwa na matai, chifu aliyechaguliwa na jamaa zake na kupewa cheo cha ukoo. Matai wa kijiji walikutana katika fono, baraza lililoamua migogoro, kugawa kazi na kutoa adhabu. Vijana na wanaume wasio na vyeo walijumuika katika aumaga, kundi lililolima, lililovua, lililopika na kutekeleza amri za baraza. Amri ya baraza haikuhitaji askari wa kuisimamia, kwa kuwa aliyeikaidi aliitia aibu na hasara nyumba yake yote.

Tawala zote mbili ziliutegemea mfumo huo kwa sababu hazikuwa na watumishi wa kutosha kuongoza bila ya huo. Katika Samoa ya Marekani, kanuni za mwaka 1900 ziligawa nchi katika wilaya tatu, yaani Mashariki, Magharibi na Manu'a, na kila wilaya ikawa na gavana wake Msamoa. Chini yake walikuwapo machifu wa tarafa na wa vijiji. Tangu mwaka 1905 wajumbe walikutana katika fono kuu ya kila mwaka. Upande wa Wajerumani, Gavana Wilhelm Solf aliunda baraza la wajumbe walioitwa Faipule, na kila kijiji kilikuwa na ofisa aliyeitwa pulenu'u. Logan aliirithi mihimili hiyo na kuiendeleza.

Ulinganisho huu una uzito katika hoja ya makala haya. Mtu angeweza kudhani kwamba Tutuila iliokoka kwa kuwa jamii yake ilikuwa na nidhamu zaidi, na kwamba Upolu iliangamia kwa kuwa jamii yake ilikuwa dhaifu. Dhana hiyo haina msingi. Vyombo vya utawala wa vijiji vilikuwapo pande zote mbili, vikiwa na majina yaleyale na mamlaka yaleyale ya kimila. Swali la kihistoria, basi, ni nani aliyeviamsha vyombo hivyo, na lini.

3.0 Apia: Lango Lililoachwa Wazi

Tarehe 30 Oktoba 1918 meli iitwayo Talune iling'oa nanga Auckland ikielekea Fiji, Samoa na Tonga. Wakati huo homa ilikuwa imekwisha kuenea Auckland, lakini mafua hayakuwa bado katika orodha ya magonjwa ambayo sheria ililazimisha yaripotiwe. Kwa hiyo meli iliondoka na hati safi ya afya. Huko Suva, nchini Fiji, wakuu wa bandari waliiweka chini ya karantini. Ilipofika Apia asubuhi ya tarehe 7 Novemba, ilikuwa na abiria wagonjwa. Ofisa wa afya wa bandari hakuwa amepewa onyo lolote kutoka Nyuzilandi, na aliiruhusu meli kushusha abiria wake. Wagonjwa waliteremka, wakaenda majumbani kwao na vijijini.

Kisheria karantini ilikuwapo, na bandari ilikuwa na ofisa wake. Kilichokosekana ni habari, pamoja na tahadhari ya kuuliza pale habari zinapokosekana. Serikali ya Nyuzilandi, ambayo wakati huo ilikuwa ikipambana na maradhi hayohayo katika miji yake, haikutuma onyo Apia kwa simu ya upepo. Nyuzilandi yenyewe ingepoteza takriban watu 9,000. Kwa utawala uliojiona kuwa mlezi wa watu wa visiwa, kutotuma ujumbe mmoja kulikuwa kosa ambalo gharama yake ililipwa na wengine.

Katika siku chache ugonjwa ulienea Upolu, kisha Savai'i. Homa hii ilitofautiana na mafua ya kawaida, ambayo huwaua zaidi watoto wachanga na wazee. Iliwapiga kwa ukali watu wazima waliokuwa katika nguvu zao. Katika jamii ya Samoa, hiyo ilikuwa na maana ya kuwaua matai, wachungaji wa makanisa, wajumbe wa Faipule na vijana wa aumaga. Kwa maneno mengine, maradhi yaliwaua watu waliokuwa serikali.

Hapo ndipo udhaifu wa mfumo wa kijiji ulipodhihirika katika hali ambayo haukuandaliwa kuikabili. Aumaga walikuwa ndio walioleta chakula kutoka mashambani na baharini, na ndio waliowasha tanuri za mawe. Walipolala wote kwa wakati mmoja, nyumba nzima zilikosa mtu wa kuteka maji. Sehemu ya vifo haikutokana na homa peke yake bali na njaa na kukosa uangalizi. Maiti walizikwa bila taratibu za heshima ambazo jamii hiyo huzithamini sana, na huko Vaimea, mjini Apia, wengi walizikwa katika kaburi la pamoja. Mtu aliyefahamu uzito wa mazishi na wa kuombolezwa katika desturi za Samoa ataelewa kwamba hilo lilikuwa pigo la pili baada ya kifo chenyewe.

Msaada ulikuwa karibu. Poyer alituma ujumbe kwa Mason Mitchell, konsula wa Marekani mjini Apia, akiuliza kama kulikuwa na msaada ambao Pago Pago ingeweza kuutoa. Ujumbe ulimfikia Logan, naye hakuujibu. Tena, akiwa amekasirishwa na hatua ya Pago Pago ya kuiwekea karantini barua zilizotoka Apia, alikata mawasiliano ya simu ya upepo na Tutuila. Madaktari wa kijeshi waliokuwa umbali wa takriban kilomita 130 kutoka Apia hawakuitwa. Badala yake, msaada ulitoka Australia. Manowari ya Encounter iliondoka Sydney tarehe 24 Novemba na kufika Apia tarehe 3 Desemba, siku 26 baada ya Talune. Wakati huo kilele cha vifo kilikuwa kimepita.

4.0 Pago Pago: Zamu Ufukweni

Poyer alipata habari za janga hilo kupitia matangazo ya simu ya upepo yaliyopokewa katika kituo cha jeshi. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kuzichukulia habari hizo kuwa ni za hatari, ingawa hakuna mtu Tutuila aliyekuwa mgonjwa. Aliamuru meli na abiria wachunguzwe, na waliotoka maeneo yenye maradhi watengwe. Hali ilipozidi kuwa mbaya Apia, masharti yaliongezwa makali, kiasi kwamba hata mawasiliano ya posta kati ya pande hizo mbili, ambayo ilikuwa kawaida yapitie Pago Pago, yalizuiwa.

Hata hivyo, kuifunga bandari hakukutosha kukifunga kisiwa. Bandari ya Pago Pago ilikuwa mlango mmoja tu, ilhali ufukwe wa Tutuila, wenye ghuba nyingi ndogo na vijiji vilivyokabiliana na bahari, ulikuwa na milango kadhaa. Watu wa Upolu na Tutuila walisafiri kwa mashua tangu kabla ya mpaka wa wakoloni kuchorwa. Safari hizo, zilizoitwa malaga, zilikuwa ziara za ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji: harusi, mazishi, kupewa vyeo, kulipa fadhila. Wakati watu walipokuwa wakifa Upolu, sababu za kusafiri ziliongezeka. Jamaa walitaka kuwatoroka wagonjwa, na wengine walitaka kwenda kuwazika wafu wao. Kituo cha wanamaji hakikuwa na watu wa kulinda pwani yote, hata kikitumia askari wa kikosi cha Fita Fita, ambao walikuwa Wasamoa.

Kwa hiyo Poyer aliwageukia wenyeji. Vijiji viliombwa kuweka zamu ufukweni ili kuzuia mashua zisitue kinyume cha amri. Katika kumbukumbu za utawala, jambo hili huelezwa kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ni nyongeza ya amri ya gavana. Likitazamwa kutoka upande wa kijiji, lina uzito mwingine kabisa. Mlinzi aliyesimama ufukweni hakuwa akimzuia adui. Aliyekuwa katika mashua angeweza kuwa mjomba wake, shemeji yake, au mtoto wa dada yake anayekimbia kifo. Desturi ilimtaka ampokee, amkaribishe nyumbani na kumlisha. Zamu ilimtaka amwambie arudi.

Amri ya gavana, iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni na kubandikwa ukutani, isingeweza peke yake kubeba uzito wa kitendo hicho. Mamlaka pekee iliyoweza kuibeba ilikuwa ya matai na fono. Chifu ndiye aliyekuwa na haki ya kutamka kwamba, kwa muda huu, kuwalinda walio ndani ya kijiji kunatangulia wajibu wa kuwapokea walio nje. Zamu zenyewe zilihitaji vijana wa aumaga, chakula cha walinzi, na nidhamu ya usiku baada ya usiku. Mambo hayo yote kijiji kilikuwa nayo bila kuunda idara mpya. Ndiyo maana karantini ya Tutuila inafaa kuelezwa kuwa kazi ya ngazi mbili za serikali. Ya juu ilitoa habari na kulifunga lango, na ya chini iliufunga ufukwe.

Zuio hilo halikuwa la majuma machache. Liliendelea, kwa viwango tofauti, hadi mwaka 1920, baada ya Poyer mwenyewe kuondoka madarakani mwezi Juni 1919. Muda huo mrefu una maana kwa mwanahistoria. Jamii inaweza kuitii amri ya ghafla kwa woga, lakini utii wa zaidi ya mwaka mzima, katika jambo linalogusa undugu, haupatikani bila ridhaa ya wanaoheshimiwa.

5.0 Pingamizi Tatu

Hoja iliyotolewa hapa inakabiliwa na pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa.

Pingamizi la kwanza ni bahati. Inaweza kusemwa kwamba Talune haikupita Pago Pago, na kwamba kisiwa kiliokoka kwa sababu ya ratiba ya meli. Ukweli ni kwamba Pago Pago ilikuwa kituo cha meli zilizosafiri kati ya San Francisco na Sydney kwa kupitia Honolulu, na San Francisco ilikuwa imeshambuliwa vikali na homa mwezi Oktoba 1918. Hatari ya Tutuila ilitoka pande mbili, mashariki kwa meli za Marekani na magharibi kwa mashua za jamaa. Isitoshe, Fiji, ambayo iliiwekea Talune karantini, haikuokoka. Ratiba ya meli, basi, haitoshi kuwa maelezo.

Pingamizi la pili ni udogo. Inadaiwa kwamba ni rahisi kulinda watu 8,000 kuliko 38,000. Udogo ulisaidia, lakini hautoshi. Australia, bara zima, ilitumia karantini ya bandari tangu Oktoba 1918 na kuuchelewesha ugonjwa hadi mwanzoni mwa mwaka 1919. New Caledonia, koloni la Ufaransa katika bahari hiyohiyo, iliuzuia hadi mwaka 1921. Kwa upande mwingine, visiwa vidogo vya Tonga, vilivyofikiwa na Talune baada ya Apia, vilipata vifo vingi. Jambo linaloyaunganisha maeneo yaliyofanikiwa ni kufunga mapema na kudumu katika kufunga, na ukubwa wa eneo haukuwa kigezo.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu uhuru. Gavana wa Tutuila hakuchaguliwa na Wasamoa. Alikuwa ofisa wa kijeshi mwenye mamlaka ya kutunga sheria, kuzitekeleza na kuzisimamia, na tawala za wanamaji zilikuwa na hamu ya muda mrefu ya kupunguza malaga kwa sababu zisizohusiana na afya. Je, karantini haikuwa sura nyingine ya udhibiti wa kikoloni? Jibu ni kwamba ilikuwa hivyo kwa sehemu, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini Apia ilikuwa chini ya ofisa wa kijeshi vilevile, mwenye mamlaka mapana vilevile. Mamlaka ya kijeshi, kwa hiyo, haiwezi kuwa sababu ya kuokoka Tutuila, kwa kuwa upande wa pili ilikuwapo na watu hawakuokoka. Kilichotofautiana ni matumizi yake: upande mmoja uliwashirikisha machifu kabla ya msiba, na upande mwingine ulilaumu udhaifu wa wenyeji baada ya msiba.

6.0 Baada ya Maradhi: Madai ya Uwajibikaji

Wasamoa wa magharibi hawakuuchukulia msiba huo kuwa ni kudra tu. Walikuwa na kipimo mbele ya macho yao, nacho ni Tutuila. Ndugu zao walikuwa hai. Ulinganisho huo, ambao leo ni zana ya mwanahistoria, wakati ule ulikuwa hoja ya kisiasa ya waliofiwa. Mwezi Januari 1919 machifu walieleza kwamba hawakuutaka tena utawala wa Nyuzilandi, na waliomba nchi yao iwekwe chini ya Marekani au chini ya Uingereza moja kwa moja. Ombi hilo liliondolewa baadaye kwa ushawishi wa mtawala mpya, Kanali Robert Ward Tate, lakini kutolewa kwake kunaonyesha jinsi imani ilivyovunjika.

Mwaka 1919 Nyuzilandi iliunda tume ya kuuchunguza mlipuko huo. Tume ilithibitisha kwamba ugonjwa uliletwa na Talune na kwamba taratibu za karantini hazikufuatwa ipasavyo Apia, na ikamkosoa Logan kwa kutoomba msaada wa Samoa ya Marekani. Logan alikuwa amekwisha kuondoka nchini. Hakurejea kutawala.

Athari za kisiasa zilidumu. Meleisea (1987) anaonyesha namna kifo cha viongozi wengi kwa mpigo kilivyoathiri siasa za Samoa ya Magharibi katika miaka iliyofuata. Wazee waliozoea kujadiliana na watawala walitoweka, na nafasi zao zikashikwa na kizazi kilichokuwa na kumbukumbu chungu. Vuguvugu la Mau, lililodai kujitawala katika miaka ya 1920, lilikuwa na sababu nyingi za kiuchumi na kikatiba, lakini halielezeki bila kumbukumbu ya mwaka 1918. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa Nyuzilandi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Mau mjini Apia na kumuua kiongozi wao, Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu. Samoa ya Magharibi ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962. Mwezi Juni 2002, katika maadhimisho ya miaka 40 ya uhuru, Waziri Mkuu wa Nyuzilandi, Helen Clark, aliomba radhi rasmi kwa watu wa Samoa, na meli ya Talune na ufyatuaji risasi huo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa.

Upande wa mashariki nao haukuwa na shukrani isiyo na masharti. Poyer alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Jeshi la Wanamaji kwa kuviepusha visiwa na maradhi. Hata hivyo, mwaka 1920 Tutuila ilikuwa na vuguvugu lake la Mau dhidi ya utawala wa wanamaji, chini ya gavana aliyemfuata Poyer, Warren Terhune. Watu waliokubali kukesha ufukweni kwa miezi mingi hawakuona kwamba kwa kufanya hivyo walikuwa wameuza haki ya kuhoji namna wanavyotawaliwa. Ushirikiano wao wakati wa maradhi ulikuwa wa kutetea uhai wa vijiji vyao. Haukuwa kura ya imani kwa dola.

7.0 Hitimisho

Kisa cha Samoa mbili kinaonyesha kwamba serikali ya mtaa si tiba inayojitosheleza. Vijiji vya Upolu vilikuwa na mabaraza imara, na vilikufa navyo, kwa kuwa mamlaka iliyoshika bandari haikuvipa habari wala muda. Kinaonyesha pia kwamba serikali kuu haijitoshelezi. Gavana wa Tutuila angeweza kuifunga Pago Pago bila kuweza kuzuia mashua moja kutua usiku katika ghuba ya mbali. Uhai wa watu ulitegemea kuungana kwa ngazi hizo mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza, na baada ya hapo muda wa kuunganika ulikuwa umepita.

Kwa historia ya afya ya umma, funzo la kimbinu ni kwamba neno karantini halitoshi kueleza kilichotokea. Amri hutolewa siku moja, na tarehe yake huandikwa. Zamu hufanywa kila usiku, na majina ya waliosimama hayaandikwi. Mtafiti anayefuata nyaraka za watawala pekee ataona amri na kuikosa zamu, naye atahitimisha kwamba visiwa viliokolewa na mtu mmoja. Ushahidi uliojadiliwa hapa unaelekeza kwingine. Wakazi takriban 8,000 wa Tutuila na Manu'a walinusurika kwa sababu habari ilifika, iliaminiwa, na ikakabidhiwa kwa watu waliokuwa na heshima ya kutosha mbele ya jamaa zao kuweza kuwaambia ndugu waliokuwa baharini kwamba, kwa wakati huo, wasitue.